Pole za Kocha Borafya

Kocha Borafya alifariki alfajiri ya Jumatatu, na saa nne na robo tanzia yake ikatoka kwetu. Saa tano na nusu nikafungua ukurasa wa matumizi ya seva nikakuta tumeshakula asilimia sabini na nane ya kikomo cha siku. Nikasema neno ambalo wanangu hawajawahi kunisikia nalo.

"Abdulhakim."

"Naam."

"Njoo uone huku."

Hakuja upesi. Alikuwa dirishani na simu yake, macho mekundu. Borafya alimfundisha mpira pale uwanja wa Amani tangu ana miaka tisa, kama alivyowafundisha nusu ya wanaume wa mji huu, na asubuhi yote alikuwa akisoma pole za watu na kufuta macho kwa ncha ya shati. Sikumlaumu. Lakini kila alipozisoma, sisi tulikuwa tunalipa.

Ofisi yetu ni chumba kimoja Mkunazini, juu ya fundi saa. Mimi nina diploma ya kompyuta na watoto watatu; yeye ana digrii na hana hata paka. Tuliandika programu ya simu, tukaiita Tanzia. Kwetu mtu akifa asubuhi, alasiri yumo kaburini, na asiyepata habari mapema hawahi kuzika. Programu inapeleka tangazo la msiba kwa watu elfu kumi na moja Unguja nzima. Zaidi ya hapo, kwenye misikiti mia mbili na kitu kuna mtu mmoja anayepokea tangazo kwa sauti na kuliweka kwenye spika kabla ya sala. Hiyo ya misikiti ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote ni nakshi.

Hatuna seva yetu. Kila kitu kimekaa kwenye seva za kampuni moja ya nje, tumekodi. Miaka mitatu tulikaa karibu bure, kwa sababu sisi ni wadogo na wao walikuwa wanatafuta watu. Halafu ikaja barua pepe: kuanzia tarehe mosi ya mwezi huu, kila kitu kinachosomwa kitahesabiwa na kulipiwa. Ilikuja miezi mitatu kabla. Abdulhakim alisema hiyo inawahusu wenye makampuni makubwa. Nilikuwa na sufuria jikoni siku ile, nikamkubalia bila ya kuisoma mpaka chini.

Na kilichotutia hasara ni sehemu niliyoiandika mimi.

Hapo mwanzo Abdulhakim aliweka namba tu chini ya kila tangazo: watu mia tatu na kumi na mbili wametoa pole. Tukaipeleka kwa kina mama wa Bububu waijaribu. Mmoja akanitazama akaniambia, "Bibi wee, mimi nimetoa pole, sikupiga kura." Wenzake wakaitikia. Wanataka kuona nani kasema nini, jina kwa jina, kama wanavyoona nani kaingia mlangoni na nani hakuonekana. Basi nikaandika ukurasa wa pole. Kila pole inakaa peke yake na jina la mwenyewe, na ikiingia mpya inatokea papo hapo kwenye simu zote zilizofungua. Watu waliupenda kuliko kitu chochote tulichokitengeneza.

Sasa piga hesabu. Mtu akifungua ukurasa wa kocha, simu yake inazisoma pole zote zilizopo, moja moja, na kila moja inahesabiwa. Akifunga akafungua tena, zinasomwa upya. Pole elfu moja na mia tisa, watu maelfu, na hakuna aliyefungua mara moja akatosheka.

Kufikia tarehe kumi bili ilikuwa imeshapita ya mwaka mzima uliopita. Kadi iliyoandikishwa ni yangu. Kwa hiyo Jumamosi niliweka kikomo: tukifika hapo, seva inafunga kila kitu mpaka siku yao ya hesabu iishe. Siku yao inaanza usiku wa manane wa huko kwao, ambao kwetu ni saa nne asubuhi. Nikalala vizuri usiku ule, nikiona nimefanya jambo la maana.

"Tutafika mwisho saa ngapi?" Abdulhakim akauliza, sasa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Kwa mwendo huu, saa sita. Saa sita na dakika tano ukipenda."

"Halafu?"

"Halafu mpaka kesho saa nne hakuna tanzia inayotoka. Hakuna."

"Pengine leo hafi mtu mwengine."

Nikamgeukia. Yeye mwenyewe akaona alichokisema.

Huyo mwengine alikuwa ameshakufa. Kwenye foleni kulikuwa na tangazo kutoka Makunduchi, limeingia dakika saba nyuma, linasubiri simu yetu. Hatutoi tanzia bila ya kupiga simu kuhakikisha, tangu siku tulipomtangaza mzee wa Jambiani ambaye alikuwa amekwenda Pemba tu, akarudi akakuta kaburi lake limefika kiunoni. Nikapiga. Akapokea mwanamke, sauti imekauka.

"Mimi Wanu. Ni mama yangu. Kafariki saa tano hii. Tunazika alasiri."

"Mungu amrehemu. Mimi Zuleikha wa Tanzia. Nahakikisha tu, mwanangu, linatoka sasa hivi."

"Bi Zuleikha, nna kaka yangu, Mkubwa. Yuko Nungwi, anajenga. Kila mwezi anabadilisha laini, hii ya sasa sina. Anajenga nyumba ya wageni, ipi sijui. Lakini kusali anasali jamaa, msikitini, hilo nnalijua."

"Mna ndugu wengine?"

"Wa kiume ndo huyo. Mama kaulizia jina lake mpaka mwisho."

Nikamwambia asikae mbali na simu. Nikakata, nikatuma tangazo. Kutuma ni kitu kidogo. Tatizo ni kwamba msikitini halipokewi linapotumwa. Mpokeaji wetu anazima data kati ya sala na sala ili bando lisiishe, anawasha akishafika msikitini, na hapo ndipo simu yake inakwenda kwenye seva kuchukua sauti. Adhuhuri ilikuwa saa sita na nusu. Seva ilipaswa iwe hai saa sita na nusu. Na kutoka Nungwi mpaka Makunduchi ni kisiwa kizima, kaskazini mpaka kusini. Habari ikimpata adhuhuri anaweza kuwahi. Ikimpata alasiri, ameshakosa.

"Pandisha kikomo," Abdulhakim akasema. "Leo tu."

"Kadi ina ada ya chuo ya Fathiya."

"Najua, Bi Zule."

"Hujui. Hujazaa."

Lakini nilikuwa nimeshafungua ukurasa. Nikaandika mara mbili ya kile cha kwanza, nikathibitisha kwa namba waliyonitumia kwenye simu. Ikatokea sentensi moja chini: mabadiliko ya kikomo yataanza katika siku ya hesabu inayofuata. Nikaisoma tena nikitumaini nimeisoma vibaya. Kesho saa nne.

Asilimia themanini na tatu.

Nikasimama nikazunguka meza. Chumba chenyewe hatua nne. "Toa namba za wapokeaji wa Nungwi, upige mmoja mmoja."

Alizitoa, tisa. Saba hazikupatikana. Mmoja alikuwa Darajani ananunua mabati. Mmoja, wa msikiti wa karibu na soko, akasema atatangaza kwake, inshallah. Msikiti mmoja katika tisa. Na bado watu wa Makunduchi walioolewa Jambiani, Bububu, Chaani, hatukuwagusa.

"Nafunga ukurasa wa pole," nikasema.

Abdulhakim akaweka simu mezani. "Huwezi."

"Ni mstari mmoja. Naiambia seva isisome pole za mtu yeyote. Mengine yote yanabaki."

"Najua ni mstari mmoja. Na simu za watu zitaonyesha nini?"

Hapo nilikaa.

Mimi ndiye niliyeandika maneno ya ukurasa ule ukiwa mtupu, kwa ajili ya dakika ile ya mwanzo tangazo linapotoka na watu hawajaanza. Niliandika haraka, kama ninavyoandika orodha ya sokoni: Bado hakuna aliyetoa pole. Nikifunga, simu elfu kumi na moja zitaandika hivyo chini ya jina la Kocha Borafya. Kuyabadilisha lazima tutoe toleo jipya, na toleo jipya linakaguliwa siku mbili tatu kabla halijafika kwenye simu za watu.

"Abrahman kanitumia ujumbe sasa hivi," Abdulhakim akasema. Abrahman ni mtoto mkubwa wa kocha. "Mama yao kashaingia ndani, kavaa nguo za eda. Mabinti wanamsomea pole, jina kwa jina. Anasema ndicho kitu pekee kilichomnyamazisha. Sasa unataka wafungue wakute hakuna mtu."

"Sitaki. Nafunga."

"Huyu mtu kaishi miaka sabini na moja hakumdhulumu mtu."

"Na bibi wa Makunduchi kamdhulumu nani?"

"Sikusema hivyo."

"Abdulhakim, kocha keshapata watu wake. Mji mzima unajua. Mama yake Wanu hana elfu moja na mia tisa. Ana mmoja, na huyo mmoja yuko juu ya jukwaa la ujenzi anapiga lipu."

Asilimia themanini na nane. Nilizichukua kwanza pole zote zilizokuwepo, nikazishusha kwenye kompyuta yangu kwa mara moja, elfu moja mia tisa na arubaini na sita. Kisha nikaandika mstari ule. Nikaangalia saa: dakika nane kabla ya saa sita. Nikabonyeza.

Namba ikaenda mpaka tisini na moja, ikasimama.

Tulikaa tukiitazama kama watu wanaotazama maziwa jikoni. Haikupanda. Halafu simu zikaanza. Ya ofisini, yangu, yake. Mtu wa Kikwajuni akauliza kama tumetekwa. Mwanamke mmoja alitaka kujua pole yake imefutwa kwa sababu gani, na je, ni kwa sababu ya mambo ya shemeji yake. Ya nne ilikuwa ya Abrahman, kwenye simu ya Abdulhakim.

"Pokea," nikamwambia.

"Umefunga wewe, pokea wewe."

Nikapokea. Nikampa pole kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, ana adabu, kalelewa.

"Bi Zuleikha," akasema, "mama kaniuliza watu wameondoka?"

Nilikuwa nimejitayarisha kueleza seva, kikomo, siku ya hesabu. Maneno yote yakawa hayana mahali pa kukaa. "Hawakuondoka, mwanangu. Nimewafunga mimi. Ninazo pole zote, nnakuja nazo."

"Utakuja nazo vipi?"

"Mkononi."

Nikamwacha Abdulhakim na misikiti. Nikamwambia asiondoke mbele ya kompyuta hata kwa haja, nikateremka ngazi nikawasha Vespa. Pale Mlandege kuna duka la kuchapa na kutoa nakala. Kijana wa duka alipoona ninachotaka akauliza kama ni daftari la wapiga kura. Nikamwambia achape, aache maswali. Kurasa arubaini na nne. Mashine yake ikakwama kwenye ya kumi na tano, na huku adhuhuri inaadhiniwa nimesimama napiga vidole kwenye meza ya watu. Saa saba kasoro robo Abdulhakim akapiga.

"Misikiti mia moja na tisini na nne imeshachukua. Nungwi wote tisa, hata yule wa mabati, nadhani kampa mtu simu."

"Mkubwa?"

"Sasa mimi ntamjuaje Mkubwa?"

Nyumba ya msiba huwezi kuikosa. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka ukuta mpaka ukuta, wanaume wamejaa kwenye mikeka mpaka barabarani, wengine wamevaa jezi za zamani chini ya kanzu, zinaonekana. Wengi walikuwa na simu mkononi. Nilipopita na bahasha yangu mmoja akasema kwa sauti ya chini ambayo ilikusudiwa nisikie, "Ndo huyo mwenye Tanzia. Hakuna aliyetoa pole." Niliendelea kutembea.

Abrahman alikuwa mlangoni. Nikampa bahasha. Akatoa ukurasa wa kwanza, akasoma kidogo, akaurudisha ndani.

"Mmetuaibisha, Bi Zuleikha."

"Mimi nimewaaibisha. Abdulhakim alikataa."

"Kwa sababu ya pesa?"

Angeniuliza vyengine ningejieleza. "Ndiyo," nikasema. "Na kwa sababu kuna maiti mwengine Makunduchi. Pesa zingetosha leo, nisingefunga."

Akanyoosha mkono kuelekea ndani. "Dada zangu sauti zimewakauka. Kamsomee mwenyewe."

Sikuja kukaa. Nilikuja kutoa karatasi na kurudi. Lakini huwezi kumwambia mtu hivyo mbele ya jeneza la baba yake.

Bi Mwanamkasi, mjane wa kocha, alikuwa chumba cha ndani, kwenye mkeka, wanawake wamemzunguka. Ni mwanamke mdogo wa umbo, na siku ile alikuwa mdogo zaidi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama mtu anayesikia kutoka chumba cha pili. Nikampa mkono wa pole, nikamwambia mimi nani na nimefanya nini, kwa ufupi, kwa sababu kurefusha ni kutafuta kuhurumiwa. Akagusa mkeka pembeni yake. Nikakaa, nikaanza kusoma.

Kusoma majina si kazi ndogo. Wengi wameandika innaa lillahi na jina, basi. Lakini kila jina lilikuwa na mtu wake: huyu alikuwa golikipa, huyu baba yake alikuwa na duka la baiskeli, huyu alioa watatu. Wanawake walikuwa wakiulizana, wakijibizana, na mimi nilikuwa nikisoma huku simu inatetemeka kwenye mkoba na mguu wangu mmoja hautulii. Ilipoadhiniwa alasiri jeneza likatolewa. Kikapita kilio nyumba nzima, kisha nyumba ikawa tupu ya wanaume. Bi Mwanamkasi alilia na shuka mdomoni. Alipomaliza akaniambia, "Endelea."

Nilifika ukurasa wa kumi na saba simu ikatetemeka tena, na namba ilikuwa ya Wanu. Nikamwomba radhi Bi Mwanamkasi, nikapokea pale pale.

"Kafika," Wanu akasema.

"Kawahi?"

"Kawakuta washamteremsha, wanafukia. Alipata gari ya kokoto mpaka mjini, kutoka mjini sijui kaja na nini. Kawahi kutia mchanga."

"Uso hakuuona."

"Hakuuona." Nyuma yake nilisikia kuku na mtu anaburuta ndoo. "Yuko hapa, kakaa chini, bado na saruji miguuni. Anasema kasikia jina la mama msikitini akadhani ni mama wa mtu mwengine, mpaka lilipotajwa jina langu. Ahsante, Bi Zuleikha."

Nikamwambia ampe pole. Nilipokata, wanawake wote walikuwa wananitazama, maana walikuwa wamenyamaza wasikilize.

"Ndiye yule wa Makunduchi?" Bi Mwanamkasi akauliza.

"Mwanawe. Kawahi kutia mchanga."

Akaitikia kwa kichwa. Nikafikiri sasa atasema neno, la shukurani au la lawama, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Yeye alikuwa anangoja karatasi.

Abdulhakim alikuwa ameniandikia ujumbe wa nne. Alitaka kujua kesho saa nne tunafungua ukurasa au hatufungui, kikomo kipya kitakuwa kimeanza, keshokutwa ni hitma na watu watarudi wote kuangalia. Alitaka jibu. Mimi pia nilitaka jibu. Nilitaka kusimama, kuwasha Vespa, kufika Mkunazini, kuandika upya ule ukurasa wote kabla ya kulala, na kuiangalia kadi yangu. Nikaweka simu chini ya mkoba.

"Abdulrazak," nikasoma. "Kaandika: Kocha alinitoa uwanjani dakika ya kumi mbele ya baba yangu. Leo nimemsamehe."

Bi Mwanamkasi akatoa sauti ambayo sikuijua ni nini mpaka nilipoona mabega yake.

"Abdulrazak wa Kwahani," akasema, akifuta macho. "Alikuwa hakimbii. Borafya alikuja akanieleza usiku ule, akasema mtoto kasimama kama nguzo ya stima." Wanawake wakacheka nao, wakilia. Akaziangalia karatasi mapajani mwangu. "Zimebaki ngapi?"

Nikazihesabu. "Ishirini na saba."

"Basi nyoosha miguu," akasema, "ukae vizuri."